Sauti Inayosema Nakuja

Mashavu hakuwa mtu wa kudanganyika na rangi mpya. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akitambaa chini ya madaraja ya reli, nyundo mkononi, akigonga chuma na kusikiliza kinamjibu nini, na alijua kwamba pale palipopakwa rangi jana ndipo pa kuanza kugonga. Kwa hiyo alipoingia Nyumba ya Tulizo, kule Maweni, akakuta kuta zinang'aa, maua yamemwagiwa maji na iliki inanukia mpaka getini, hakufurahi hata kidogo. Hakuja kutazama maua. Alikuja kujua mama yake atamwachia nani.

"Wafanyakazi mko wangapi?" aliuliza, hata kiti hajakikalia.

Bi Nasra, meneja wa nyumba ile, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, buibui lake limenyooka kana kwamba limetoka dukani asubuhi ile. Alitabasamu. "Karibu ukae kwanza, dada Mashavu. Chai?"

"Nimeshakunywa, ahsante. Mchana wanakuwa wangapi, kwa wazee wangapi? Usiku je? Na yule aliyekaa sana hapa kazini, ana muda gani?"

"Hayo maswali," alisema Bi Nasra kwa upole, "ni ya enzi za mama zetu."

Mashavu alitaka kumjibu, lakini kule mlangoni mama yake alikuwa ameanza.

"Shikamoo," mama alimwambia mfagiaji.

"Shikamoo," alimwambia kijana wa maua.

"Shikamoo," aliuambia mlango, maana mlango ule ulikuwa wa kujifungua wenyewe na ulikuwa umemkaribisha kwa maneno.

Loo, Mashavu aliona uso unamwaka moto! Huyu alikuwa Mwalimu Mwantumu. Nusu ya mji wa Tanga walijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Zamani akipita njiani alikuwa anaamkiwa mpaka anachoka kuitikia, akawa anainua kidole tu na watu wanaridhika. Sasa maradhi ya kusahau yalikuwa yamemrudisha nyuma, nyuma kabisa, mpaka utotoni, na yeye ndiye aliyemwamkia kila kiumbe kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, mikono nyuma, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani. Mashavu alivumilia mengi ya ugonjwa ule. Alivumilia kufua, alivumilia kuulizwa jambo moja kutwa nzima. Hilo la shikamoo lilimshinda. Kila mama alipomwamkia yeye, Mashavu alimkatalia palepale: "Hapana, mama, mimi ndiye wa kukuamkia." Na kila alipomkatalia, mama alishusha macho.

Wiki iliyopita mama alikutwa katikati ya reli, anasubiri kengele ya shule. Treni za siku hizi hazina dereva, lakini zina macho, Mungu bariki, na ile ya kutoka Moshi ilimwona, ikasimama, ikapiga honi mpaka watu wakaja. Na Jumatatu Mashavu alitakiwa Kilombero, ambako daraja jipya lilikuwa limeanza kupiga kelele zisizoeleweka. Ndugu hakuwa naye. Majirani walishachoka, ingawa hawakusema. Ilikuwa lazima mama apate pa kukaa, na pawe pa watu.

Ndipo akapita kijana mmoja wa kazi, sare ya kijani, mkufu wa kijivu shingoni. Kibwana, kilisema kibandiko kifuani.

"Shikamoo," mama alimwambia.

Kibwana alisimama, akainamisha kichwa. "Hapana, mwalimu. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo, mwalimu wangu."

Mashavu akalegea. Hapo ndipo alipolegea, tuseme ukweli, na nyundo yake akaiweka chini. Kwa sababu jana yake tu alikuwa Pongwe, kwenye nyumba nyingine ya wazee, kibanda tu ukilinganisha na hapa: ua wa mchanga, babu mmoja analia kwa sauti kubwa chini ya dirisha, mama mmoja anakaanga kitu huku akimfokea mtu wa ndani. Binti wa pale, Mboni jina lake, hata miaka ishirini na mitano hajafika, mama alipomwambia shikamoo, yeye alimkazia macho bila haya na kumjibu: "Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Mwanangu! Mtoto wa juzi amwitikie marahaba Mwalimu Mwantumu, tena amwite mwanangu! Mashavu alimshika mama mkono, akageuza, hata maswali yake hakuyauliza. Watu wasio na adabu ya salamu, alijiambia, watakuwa na adabu gani wakifunga mlango?

*

"Sasa nikuonyeshe," alisema Bi Nasra, na akatoa kwenye kijaluba vitu viwili: mkufu kama ule wa Kibwana, na kipuli kidogo cha sikioni, si kikubwa kuliko punje ya mahindi.

Mkufu ulivaliwa na mfanyakazi. Kipuli kilivaliwa na mzee. Mfanyakazi akisema neno, mkufu ulilinyonya likabaki mnong'ono tu hewani, na kipuli kikalitamka sikioni mwa mzee kwa sauti ya mtu wake: mwana, mume, yeyote ambaye familia imemchagua. Kilichohitajika ni mtu huyo akae chumba cha ukimya kwa saa moja asome kurasa kadhaa. Baada ya hapo, yeyote atakayeingia kumwosha Mwalimu Mwantumu, awe Kibwana, awe mgeni aliyeajiriwa leo asubuhi, mwalimu atamsikia Mashavu.

"Ndiyo maana nasema swali lako ni la zamani," Bi Nasra alisema. "Unaniuliza wangapi. Kwa mama yako, mfanyakazi atakuwa mmoja tu: wewe. Nani kabadilishwa, nani kaacha kazi, yeye hatajua. Zamani Serikali ilikuwa inahesabu vichwa vya wafanyakazi. Siku hizi inapima utulivu." Akaonyesha ubao ukutani, ambapo mstari wa kijani ulikuwa unakwenda sawasawa bila kupanda wala kushuka. "Kila kipuli kinapima mapigo ya moyo, pumzi, na koo likikaza kutaka kulia. Hapa hakuna anayelia, dada yangu. Tembea mkoa mzima, unitajie nyumba nyingine ambamo halii mtu."

Kweli, palikuwa kimya. Wazee walikuwa wamekaa ukumbini, wengine wanatabasamu, mmoja ananong'ona. Mashavu alimkumbuka babu wa Pongwe, mdomo wazi, kamasi zinamtoka.

Akaingia chumba cha ukimya, akasoma. Walimpa hadithi za watoto, bei za vyakula, maneno ya kubembeleza. Sentensi moja alitakiwa airudie mara nyingi, kwa taratibu, kwa haraka, kwa kucheka: "Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi." Hakuuliza ni ya nini. Ilikuwa sentensi ya kawaida kabisa, ya kila siku nyumbani.

Alipotoka, mama alikuwa ameshavishwa kipuli, anacheka peke yake. Mashavu alimpungia mkono. Mama hakumwona.

*

Nyumbani hakukukalika. Sharti la Tulizo lilikuwa kwamba ndugu wasifike siku tatu za mwanzo, mzee azoee. Mashavu alifungasha begi la safari, akalifungua, akalifungasha tena. Kila baada ya muda simu ilimletea picha ya ule mstari wa kijani na maneno: Mwalimu ametulia. Mwalimu amekula vizuri. Mwalimu ametulia.

Sasa, mwanamke mwingine angefurahi. Mashavu alizunguka sebuleni akihama kiti hiki kwenda kile, na kila akikaa anajihisi kakalia kitu. Mama yake hakuwahi kutulia hivyo, hata kabla ya maradhi. Mwalimu Mwantumu alikuwa mtu wa kugomba: chumvi imezidi, pazia limekaa upande, nani kasogeza miwani yangu. Alikula akilalamika. Alilala akilalamika. Wamempa nini?

Siku ya tatu, anamenya chungwa jikoni, likamjia jambo la kazini kwake. Daraja hulikagui likiwa tupu. Likiwa tupu kila daraja ni zuri. Unakaa chini yake unasubiri treni ipite, mzigo uingie, ndipo unasikia panapolia. Na yeye, mkaguzi mzima mwenye cheti ukutani, alikuwa ameikagua Tulizo bila mzigo, tena kwa miadi, saa wageni wanapokaribishwa chai!

"Ama kweli nimezeeka," alisema kwa sauti, akaacha chungwa nusu.

Mzigo wa nyumba ya wazee ni saa ya chakula cha mchana. Hilo halihitaji cheti.

*

Alipita geti la jikoni, nyuma ya kigari cha chakula kilichokuwa kinajiendesha chenyewe kutoka barabarani. Geti lilikifungukia kigari, naye akaingia nacho, hakuulizwa kitu. Jikoni hapakuwa na mtu. Kwenye korido hapakuwa na mtu. Kigari kilikwenda mpaka ukumbini, kikasimama, kikalia mlio mmoja.

Ukumbini wazee walikuwa ishirini na kitu, wamepangwa kwenye viti vyao, kimya. Na katikati yao alikuwa Kibwana, peke yake, jasho linamtiririka, anakimbia na sahani. Alimtia bibi mmoja kijiko mdomoni, akaruka kwa mwingine, akasema bila hata kumtazama mtu: "Haya, kula basi, mpenzi, kula." Na wazee wote, kila mmoja kwenye kona yake, walipokea sentensi ile moja wakageuza nyuso kwa furaha, huyu akimsikia mwanawe, yule akimsikia marehemu mkewe. Wakafungua midomo. Wengi mbele yao hapakuwa na kijiko.

Hakuna aliyelia. Mashavu alitazama ukutani: mstari wa kijani, sawasawa.

"Wenzako wako wapi?" aliuliza.

Kibwana alishtuka nusura amwage mchuzi. Akavuta mkufu ukazima. "Mama, leo si siku ya wageni!"

"Ndiyo maana nimekuja. Wenzako wako wapi?"

Kijana alitazama kamera ya ukutani, akatazama sahani. "Niko mimi," alisema hatimaye. "Wale uliowaona siku ile tunazunguka nao, nyumba hii na nyingine mbili. Siku za wageni ndiyo tunakuwa wote."

"Na hawa wakihitaji kitu, wewe uko upande wa pili?"

"Kipuli kinajibu chenyewe. Koo likikaza tu, kinamwambia. Mpaka nifike."

"Kinamwambia nini?"

Kibwana alionyesha kwa kidevu kule dirishani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiinamisha upande wa kipuli, anatabasamu. Gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia mapajani, na si la sasa hivi, kwani pembeni lilishaanza kukauka. Viatu walimvisha kinyume, wa kulia kushoto, na juu ya kisigino ngozi ilikuwa imechubuka mpaka damu imegandia kwenye ukingo wa kiatu. Mashavu alipiga magoti mbele yake.

"Mama."

"Shikamoo," mama alisema.

"Mama, ni mimi. Mashavu."

Mama aliweka kidole mdomoni. "Nyamaza kidogo. Binti yangu anaongea." Akasikiliza, akacheka kwa aibu. "Anasema anakuja. Anakuja sasa hivi."

"Tangu lini anasema hivyo?"

"Tangu asubuhi. Tangu jana. Ana kazi nyingi, unajua, anagonga reli. Lakini hanisahau hata kidogo, kila saa ananiambia." Kisha akamwegemea, kama anampa siri. "Wewe unamngoja nani?"

Jamani! Mashavu alishika ukingo wa kiti. Alitaka kupiga kelele, alitaka kuvunja kitu. Mama yake alikuwa amelowa, amechubuka, ana njaa, na kila koo lake lilipokaza kutaka kusema hivyo, yeye Mashavu, kwa sauti yake mwenyewe, alikuwa amemnyamazisha.

"Na ile shikamoo?" alimgeukia Kibwana. "Siku ile ulimkatalia shikamoo yake kwa adabu sana. Nani alikufundisha?"

"Mkufu ndio unaninong'oneza la kujibu," kijana alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ndugu wakisikia hivyo wanafurahi. Lakini wazee wenyewe, mama... kila nikimkatalia huyu anashusha macho, hasemi tena kitu. Kipuli kinamtuliza. Mimi nina wiki tatu tu hapa, naomba usinitaje."

Anashusha macho. Mashavu alilijua hilo, alilitazama kwa mwaka mzima, na siku zote alidhani ni maradhi.

Akanyoosha mkono, akachomoa kipuli.

*

Uso wa Mwalimu Mwantumu ulibadilika taratibu. Kwanza alisikiliza. Kisha akatazama kushoto, kulia, akapapasa sikio. "Binti yangu yuko wapi? Alikuwa hapa. Mmempeleka wapi binti yangu?" Na mdomo ukafunguka, akalia. Alilia kwa sauti kamili, ya mtoto aliyepotea sokoni, na ule ukumbi wa amani ukatetemeka.

Ubaoni mstari wa kijani uliruka. Haukuchukua muda Bi Nasra akatokea, ushungi umeanguka mabegani. Kwa kilio kile alikuja mbio.

"Dada Mashavu! Mrudishie! Unamtesa mama yako!"

"Nani anamtesa? Mtazame miguu!"

Bi Nasra alitazama. Lazima tumpe haki yake: alitazama, na uso ulimwiva. "Hilo ni kosa, na litarekebishwa. Lakini hebu niambie, bila kipuli miguu isingeuma? Ingeuma, na juu yake angelia. Mama yangu mzazi alikufa akiniita. Siku tatu, Nasra, Nasra. Nilikuwa kazini, mbali, na wauguzi walinisimulia baadaye. Ningetoa kila nilicho nacho mtu amwambie nakuja, hata kwa uwongo. Unafikiri nyumba hii niliianzisha kwa ajili ya nini? Jumatatu unaondoka. Utampeleka wapi ambako hatakuita? Huko atalia, Mashavu. Nakwambia atalia kila siku. Sasa unamtoa hapa kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Lile swali lilimwingia Mashavu barabara. Kiganjani kipuli kilikuwa kinanong'ona bado, akakiweka sikioni mwake. Nakuja, mama, ilisema sauti. Nakuja sasa hivi. Ilikuwa sauti yake, lakini tamu, haina haraka, haijachoka. Hakukumbuka kama aliwahi kuongea na mama yake kwa upole ule. Kwa kitambo alisimama hivyo, kilio cha mama sikio hili, sauti tamu sikio lile, na hajui afanye nini. Angeweza kumrudishia. Angetulia sasa hivi, mbele yake, na yeye angekwenda Kilombero.

Mama alimshika pindo la nguo. Hakuwa anamjua. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima yeyote aliye karibu, na katikati ya kwikwi akakunja magoti kidogo pale pale kitini.

"Shi... shikamoo."

Mashavu alilimeza lile alilozoea kusema. Lilikuwa gumu, msidhani. Alihisi walimu wote wa Tanga wanamtazama.

"Marahaba," alisema.

Kwikwi ikasimama njiani. Mama alimkodolea macho.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo," mama alisema, akavuta kamasi. Kisha akasema tena, mbio mbio, kana kwamba mlango umefunguka na anaogopa utafungwa: "Sijambo lakini kiatu kinaniuma. Na nimejikojolea. Na sijapewa chakula, yule kaka alinipita."

"Lete mguu," Mashavu alisema. Machozi yalikuwa yanamwangukia mikononi, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa inafungua kamba za viatu.

Alipomaliza aliinuka akampa Bi Nasra kipuli. "Daraja langu likilia, dada yangu, nafika. Wewe umeliziba mdomo. Umekuja mbio leo kwa sababu amelia, umejiona? Futa sauti yangu."

"Ukijuta utasoma upya," Bi Nasra alisema. Hakusema kwa ubaya. Alipitisha kidole kwenye ubao, na kipuli kikanyamaza.

Kibwana alikuwa amesharudi kwenye sahani zake. Mashavu alipopita na mama yake kwenda mlangoni alimwachia bibi mmoja kijiko mkononi na kumwonyesha Kibwana kwa ishara babu mmoja wa pembeni, ambaye alikuwa bado ameachama.

*

Mama alilia njia nzima hadi Pongwe. Gari la kukodi lilikuwa la kujiendesha, likawa linauliza kwa sauti ya unyenyekevu kama abiria anahitaji hospitali, mpaka Mashavu akalifokea linyamaze. "Nirudishie binti yangu," mama alisema. "Alikuwa sikioni. Wewe umemtoa." Na hilo lilikuwa kweli tupu, kwa hiyo Mashavu alimshika mkono tu.

Pongwe palikuwa vilevile. Mchanga. Harufu ya mafuta ya kukaangia. Babu wa dirishani hakuwa analia leo, alikuwa anagombana na kuku. Mboni alitoka getini, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina unga. Alimtambua Mashavu mara moja, na ilionekana hakuwa amesahau alivyoondoka.

"Nilidhani hatukukupendeza," alisema.

"Niliudhika ulivyomwitikia mama yangu," Mashavu alisema. "Nilikosea. Sikujua."

Mboni aliinua mabega. "Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nakataa. Nyumbani nilifunzwa adabu, usinione hivi. Lakini walikuwa wanaondoka wananiogopa. Mtoto akikuamkia usimwitikie, si umemfukuza?" Akamgeukia mama kabla hajajibiwa. Mama alikuwa amesimama nyuma ya Mashavu, macho yamevimba.

"Shikamoo," mama alinong'ona.

"Marahaba, mama wee! Nani kakuliza hivi?"

Mama alinyoosha kidole. "Huyu."

"Ni kweli?" Mboni alimwuliza Mashavu, na hakuwa anatania.

"Ni kweli. Nimemtoa mahali alipokuwa ananisikia kila saa. Na Jumatatu nasafiri, mwezi mzima." Akavuta pumzi. "Hapa mko wangapi? Na msinifiche."

"Tuko watano, wazee kumi na wawili. Usiku tunabaki wawili, na mmoja wa hao wawili ni mimi leo, na mimi nalala fofofo, nikuambie kabisa, lakini mwenzangu halali. Mama Subira yule anayekaanga yuko hapa tangu nyumba haina paa. Anafoka. Utamzoea." Mboni alijifuta unga. "Sasa muage mama yako."

"Sasa hivi? Atalia tena. Nilidhani akiwa anakula nitatoka kimya kimya, si atasahau?"

"Hapana. Utarudi kesho na keshokutwa kumwona mpaka Jumatatu, lakini kila ukitoka unamuaga. Unamwambia unakwenda kabla hujafika mlangoni. Akilia, alie. Sisi ndio tutakaokaa na hicho kilio."

Mashavu alimgeukia mama yake, akamshika mabega. Alitaka kusema ile sentensi. Ilikuwa pale mdomoni, imeshasemwa mara elfu, tamu, tayari.

"Mama," alisema, "mimi naondoka. Siji sasa hivi. Nitakuja kesho."

Mwalimu Mwantumu alimtazama kwa muda. Hakuna ajuaye alimwona nani. Kisha uso ukakunjamana, mdomo ukafunguka, na kilio kikatoka kikubwa kuliko vyote vya siku ile, kikajaa ua mzima, kuku wakatawanyika.

Na ndani ya nyumba kiti kikaburuzwa. Mlango wa nyuma ukagonga. Mama Subira alitokea jikoni na mwiko unaotona mafuta, anafoka, "Nani huyo? Nani huyo analizwa?" na nyuma yake kijana mmoja anakimbia na taulo, hata viatu hajavaa, na babu wa kuku naye akajikongoja kuja kuona. Mashavu alisimama pale pale getini, begi la mama yake mkononi, akasogea pembeni wampite.